Neno Ambalo Fundi Futi Hakulisema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bobini alifagia chumba cha kushonea. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango wa barabarani, meza ya kukatia, pasi, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na msumari mrefu ukutani wa kutundikia kazi zilizokwisha. Alianza chini ya meza, kwenye vipande vya vitambaa, akamalizia chini ya cherehani, akiokota pini moja moja ili mteja asije akachomwa. Shuleni alikuwa na jina jingine, refu na zuri, lakini nyumbani aliitwa Bobini tangu alipoanza kutembea, kwa sababu, kama bobini, kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani, alikuwa mfupi, mviringo, na hakutulia mahali pamoja. Aliyempa jina hilo ni baba yake.

Baba mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi Futi. Futi yake ya kupimia haikutoka shingoni. Alikula nayo, alikwenda nayo msibani, na shangazi alipenda kusema kwamba hata siku ya harusi aliivaa ndani ya koti. Alikuwa na kikohozi kifupi cha kusafisha koo, hasa kabla ya kumwambia mteja ukweli kuhusu ukubwa wa kiuno chake. Na kama watu wengi, akitoka nyumbani hakusema "naenda". Alisema "nakuja", hata akienda mbali, na kweli alikuja.

Mwaka jana alilazwa hospitalini kwa homa ya mapafu, na safari hiyo hakuja. Sasa aliyeshona ni shangazi, dada yake baba, ambaye kazi alifundishwa na kaka yake. Mama alitia vifungo na kupiga pasi. Alifanya kazi vizuri, ila alizungumza kidogo mno, na kucheka ndiyo kabisa alikuwa amesahau.

Kilichomuumiza zaidi mama ni kwamba hakuwepo. Alikuwa ametoka wodini kwenda kuchota maji ya moto, na aliporudi, mumewe alikuwa amekwisha kukata roho. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Bobini peke yake. Hakuna aliyemuuliza mtoto kitu, maana wakubwa walidhani alikuwa amesinzia. Mara nyingi Bobini alimsikia mama akimwambia shangazi, "Wifi, ameondoka bila kuniachia hata neno." Bobini alisikia na kunyamaza. Maneno aliyoyasikia yeye siku ile hayakuwa ya kuagana. Yalikuwa maneno ya kazi tu, tena ya kawaida sana, na aliona haya kuyataja mbele ya watu wanaolia.

Basi siku moja katika kipindi cha insha, mwalimu wa Kiswahili aliwataka waandike hadithi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo ambayo hata watundu wa darasa waliinyamazia.

"Mtu wa hadithi haanguki kutoka mawinguni," aliwaambia. "Mnamtengeneza kutokana na watu mnaowajua na mambo mnayoyakumbuka. Chukueni mwendo wa huyu, kicheko cha yule, hasira za mwingine. Kisha changanyeni, mpaka mwenyewe akisoma asijitambue."

Bobini alilisikia vizuri lile neno "chukueni". Mwalimu alipofika kwenye "changanyeni", akili yake ilikuwa imekwisha kufika nyumbani. Akaandika habari za Fundi Chaki. Badala ya futi shingoni, alimpa chaki nyuma ya sikio, na mabadiliko yakaishia hapo. Kikohozi kilikuwa kilekile, utani uleule, homa ileile, na hata dirisha la wodini lilikuwa lilelile. Ilikuwa sawa na mtu mzima kujificha nyuma ya ufagio.

Kalamu ilipofika kwenye kitanda cha hospitali, ikasita. Yale maneno ya kweli aliyaona hayafai. Hadithi ya kuhuzunisha itaishiaje kwa maneno kama yale? Kwa hiyo akampa Fundi Chaki maneno mengine. Fundi Chaki alimshika binti yake mkono, akatazama mlangoni, akasema, "Mwambie mama yako nakuja. Msiiache cherehani ipoe." Kisha akafumba macho.

Bobini alipoyasoma tena, yeye mwenyewe alilia. Mwandishi akilizwa na hadithi yake huanza kudhani kwamba ameandika ukweli. Huo ni mtego, na mwenzetu akanasa.

Hadithi ilichaguliwa isomwe siku ya wazazi. Mama alikuja akiwa amevaa gauni lake la kijani, akakaa safu ya tatu kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa ubao. Bobini alisoma kwa sauti nzuri. Alipomaliza maneno ya mwisho, makofi yakalipuka ukumbini. Mwalimu alifuta macho, akatangaza kwamba hadithi hiyo itapelekwa kwenye mashindano ya shule zote. Mama hakupiga makofi. Alikuwa amesimama wima katikati ya watu walioketi, mkono mdomoni.

Walipofika karibu na nyumbani, mama akasimama.

"Kwa hiyo alisema anakuja," alisema.

Jibu la kweli lilikuwa pale pale ulimini: mama, ile ni hadithi tu. Lakini Bobini aliinua macho akauona uso wa mama. Uso ule ulikuwa umefungwa mwaka mzima, na sasa ulikuwa umefunguka, wenye matumaini, karibu kama wa kijana. Bobini akashindwa. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye alijaribu kujifariji kwamba mdomo wake haukusema uongo wowote, kana kwamba kichwa ni cha mtu mwingine.

Kesho yake shangazi alipofika kazini, mama alimzuia asikae kwenye cherehani. Shangazi alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Mama akamweleza kwa upole kwamba mwenyewe anakuja, na asingependa akute kiti chake kimekaliwa.

"Mwenyewe nani, wifi?"

"Kaka yako."

Shangazi hakucheka tena. Alibeba mkasi wake na kazi zilizokuwa za haraka, akaenda kushonea kwa rafiki yake mtaa wa pili, akitumaini kwamba huzuni hiyo itapita. Haikupita. Jioni ile Bobini alikuwa uani akiosha vyombo, akasikia cherehani ikilia, taratibu, kama zamani. Akafurahi kwamba shangazi amerudi. Akajifuta mikono, akaenda kuchungulia.

Hakuwa shangazi. Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, miguu ikikanyaga. Hapakuwa na kitambaa wala uzi. Sindano ilipanda na kushuka, ikichoma hewa. Macho ya mama yalikuwa kwenye mlango wa barabarani, ambao ulikuwa umeachwa wazi nusu.

"Isipoe," mama alisema bila kugeuka.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila jioni. Mezani kuliwekwa sahani ya baba, ikafunikwa, na asubuhi Bobini aliikuta kama ilivyoachwa. Mama alizidi kukonda. Shangazi alikuja kila mara kumsihi, akaambulia patupu. Na mtaa nao una masikio. Waliopita jioni walisikia cherehani, na kila mtu alikumbuka ni nani aliyekuwa akishona saa zile zamani. Haikuchukua muda, habari zikaenea kwamba Fundi Futi amerudi kumalizia kazi zake. Watoto wakawa wanavuka barabara wasipite mlangoni. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, wakiomba radhi huku wakitupa jicho ndani. Shuleni, msichana aliyekaa na Bobini dawati moja alimuuliza kwa kunong'ona kama baba yake aliyerudi ana miguu ya mtu au ni mzimu. Kesho yake akahama dawati.

Bobini angeweza kuyavumilia hayo yote. Lililomtisha lilikuwa jingine. Alikuwa amezoea, kabla ya kulala, kumkumbuka baba: akivuta uzi kwa meno, akigombana na pasi, akimwita "Bobini, njoo unitilie uzi, macho yangu yamezeeka." Sasa kila alipomtafuta, aliyekuja ni Fundi Chaki. Alikuja na chaki yake nyuma ya sikio, akamtazama kwa macho ya huruma, akasema, "Nakuja." Bobini alijaribu kumsukuma ili amwone aliye nyuma yake. Fundi Chaki hakusogea.

Alijaribu kukumbuka ile siku ya wodini. Baba alimshika mkono kweli, au huyo alikuwa Fundi Chaki? Alitazama mlangoni? Hakuwa na hakika tena. Jioni moja, akiwa amesimama kwenye korido akimsikiliza mama akikanyaga, alisikia nyuma yake kikohozi kifupi cha kusafisha koo. Nywele zikamsimama. Aligeuka, hapakuwa na mtu. Pengine ulikuwa mlango, pengine masikio yake tu. Lakini aliogopa, na hofu ile ilikuwa ya aibu, kwa sababu alimwogopa mtu aliyemtengeneza kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati huo mwalimu alikuwa akimdai nakala safi ya hadithi kwa ajili ya mashindano. Leo Bobini alisema amesahau, kesho akasema wino umemwagika. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu alimwita ofisini, akamwonyesha kiti, akamuuliza kuna nini hasa.

"Mwalimu, sitaki iende," Bobini alisema. "Yule mtu yuko nyumbani kwetu. Hataki kutoka."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Bobini akaeleza yote: sahani, mlango, sindano inayochoma hewa, na jinsi alivyoitikia kwa kichwa njiani. Alitegemea kugombezwa. Badala yake, mwalimu akakiri kwamba naye alikosea. Aliwaambia wachanganye, halafu akaisifu hadithi ambayo haikuchanganywa kitu, kwa kuwa ilimliza. Alijitolea waende pamoja kwa mama. Bobini akafikiri, akakataa. Aliyeitikia ni yeye, na anayepaswa kukana ni yeye.

"Basi nenda leo," mwalimu alisema. "Mashindano yanaweza kusubiri. Mama yako hawezi."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali, lakini mama alikuwa amekwisha kukaa kwenye cherehani. Siku hizi alianza mapema. Bobini aliweka begi chini. Alitaka kungoja mama amalize, akajua kwamba hatamaliza. Akapiga moyo konde, akasogea, akaweka kiganja chake juu ya gurudumu la cherehani. Gurudumu likasita, likasimama. Mama akamtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama, baba hakusema nakuja," Bobini alisema. "Yale maneno niliyatunga mimi."

"Nilikuuliza. Uliitikia."

"Niliitikia kwa sababu ulifurahi."

Mama aliinuka. Bobini alidhani atapigwa, na alikuwa tayari kupigwa. Mama hakumgusa. Alikwenda mlangoni, akaufunga, akabaki pale akiupa chumba mgongo. Bobini alilia bila sauti, akatamani ayarudishe maneno yake, yote, ya uongo na ya kweli.

"Kwa hiyo hakusema kitu," mama alisema mwishowe, akiuambia mlango.

"Alisema."

Mama akageuka.

Bobini akafuta machozi. "Alisema, 'Ile suruali ya mpiga picha, mguu mmoja umezidi. Mwambie mama yako asimpe kabla haijapunguzwa.'"

"Halafu?"

"Basi. Akakohoa, akalala. Nilidhani amelala, mama."

Mama alisimama pale pale. Kitu fulani kilipita usoni mwake, Bobini asijue ni hasira au nini.

"Mguu upi?" mama akauliza.

Bobini alifumba macho. Akamtafuta baba, akiogopa kwamba atakuja yule mwingine. Hakuja. Alimwona baba amelala chali, midomo imekauka, uso umekunjamana kwa kero ya fundi aliyekumbuka kosa lake mwenyewe mahali ambapo hana mkasi. Na sauti ilikuja, ya kukwaruza, ya kweli.

"Wa kushoto," alisema.

Mama alikwenda kwenye ule msumari mrefu. Zilikuwepo nguo ambazo hazikuguswa tangu msiba, kwa kuwa wenyewe waliona haya kuja kudai nguo kwa wafiwa. Chini ya makoti mawili ikatoka suruali ya kijivu yenye karatasi ya jina la mpiga picha. Mama aliitandaza mezani. Akachukua futi ya marehemu, akapima mguu wa kulia. Akapima wa kushoto. Akapima tena wa kulia, kwa sababu hakuyaamini macho yake. Wa kushoto ulikuwa umezidi kwa upana wa kidole.

Kwanza mama alitoa sauti ambayo Bobini hakuitambua. Kumbe ilikuwa kicheko.

"Mtu anakata roho anafikiria pindo!" alisema, akacheka mpaka akakaa chini, suruali kifuani. Kicheko kikageuka kuwa kilio, naye akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi kilikuwa kimekwama. Bobini alikaa sakafuni kando yake. Mama akamvuta, akamkumbatia pamoja na suruali ya watu.

"Huyo ndiye yeye," mama alisema baada ya muda. "Yule wa 'nakuja' nilikuwa najiuliza, mbona amekuwa mpole hivyo ghafla."

Jioni ile ile Bobini alitumwa kumwita shangazi. Shangazi alikuja mbio akidhani kuna balaa, akamkuta wifi yake akifumua pindo kwa wembe, na bobini ya uzi wa kijivu ikimngoja kwenye cherehani. Hakuuliza maswali. Alivuta kiti, akatia uzi, akashona. Usiku ule sahani zilikuwa tatu mezani, ya mama, ya shangazi na ya Bobini, na mama alikula. Mpiga picha alipokuja kuchukua suruali yake, aliambiwa ni nani aliyeagiza ipunguzwe na lini. Akasema kwamba hataipeleka kwa fundi mwingine hata ikichakaa vipi. Mtaa nao, ulipoona shangazi yuko kazini mchana kweupe, ukatafuta habari nyingine ya kusema.

Bobini aliiandika upya hadithi yake. Safari hii alichanganya. Fundi Chaki akawa mwanamke anayetengeneza miavuli. Alimpa kicheko cha shangazi, mwendo wa mlinzi wa shule, uchoyo wa jirani mmoja ambaye hatumtaji, na hofu ya radi ambayo ilikuwa ya Bobini mwenyewe. Baba hakuwemo. Kilikuwemo kitu kimoja tu kutoka kwake: yule mwanamke alikuwa hawezi kulala akijua kuna mwavuli aliouharibu.

Mama aliisoma akiwa ametulia kwenye kiti, kazi ya vifungo mapajani. Aliisoma mara mbili. Akauliza huyu ni nani, na Bobini akajibu kwamba si mtu.

"Vizuri," mama alisema. Akavuta uzi, akaukata, akamtazama binti yake. "Sikia, mwanangu. Kutunga si kosa. Ukitaka kutunga maneno, mtunge na msemaji wake, na huyo mwambie aseme upendavyo. Lakini marehemu hawezi kusema 'hapana, sikusema hivyo'. Maneno yake ni machache na hayaongezeki tena. Ukimwongezea moja la uongo, linayafukuza yale ya kweli. Na mtu akikuuliza kama ni hadithi au ni kweli, mjibu ilivyo. Hata kama anayekuuliza ni mimi. Hata kama nalia."

Bobini akasema amesikia. Mama akaweka kazi yake pembeni, akamsogezea kigoda kidogo.

"Haya, kaa hapa. Niambie tena alivyosema. Usiongeze kitu."

Bobini akakaa, akamwambia neno kwa neno: suruali, mguu uliozidi, kikohozi. Halafu akanyamaza, kwa sababu baba naye alinyamaza hapo.